Hela za Watu: Sarafu Iliyoanguka Njiani ni ya Nani?

Jioni moja, baada ya swala ya Alasiri, tulikuwa tukikatiza vichochoro vya Tandika, wilayani Temeke, pamoja na binti yetu wa miaka minane aliyekuwa akitoka madrasa. Juzuu yake ilikuwa kwapani, na macho yake, kama yalivyo macho ya watoto wengi, yalikuwa chini. Pale njia mbili zinapokutana, hatua chache kabla ya kituo cha daladala, akasimama ghafla. Mchangani ilikuwa imelala sarafu ya shilingi 200, inang'aa kana kwamba imetoka benki asubuhi ile. Alipoinama tu, mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua kando ya njia alipaza sauti: "Mwanangu, acha! Usiiguse hiyo. Hizo hela za watu."

Mkazi wa jiji hili hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. "Watu" wanaokusudiwa hapo ni wale wanaotajwa kwa sauti ya chini: waganga na wateja wao, wenye chuma ulete, wenye kuacha nazi, mayai na sarafu njia panda ili mkosi wao umwandame atakayeviokota. Tulimshika binti yetu mkono, tukamshukuru yule mama kwa wema wake, tukaenda zetu.

Hatukufika mbali. Kituoni, mbele ya mlango wa daladala, mwanafunzi wa shule ya msingi alikuwa akijipekua mifuko ya sare yake, wa kulia, wa kushoto, kisha wa kulia tena. Konda akamwambia awapishe wenye nauli. Mtoto akajibu, machozi yakimlengalenga, kwamba nauli alikuwa nayo, imedondoka, hajui wapi. Nauli ya mwanafunzi ilikuwa shilingi 200. Tulimlipia, akapanda, gari likaondoka. Hapo ndipo binti yetu alipotutazama na kuuliza: "Baba, au ile hela ilikuwa yake?"

Tulirudi haraka pale njia panda. Sarafu haikuwepo. Mpaka leo hatujui kama ilikuwa ya yule mtoto au ya mtu mwingine, wala hatujui nani aliyeiokota. Tunachokijua ni kwamba tuliipita mali ya mtu ikiwa imelala mchangani, na kilichotuzuia kuiinua hakikuwa kumcha Allah (s.w). Ilikuwa hofu ya nazi na mayai. Swali la mtoto yule ndilo lililotufanya tufungue tena mlango wa fiqhi ambao wengi wetu tuliusoma madrasa, tukaufunga pamoja na kitabu. Juma hili tunauleta katika ukurasa wa familia.

Hofu ya njia panda

Tuanze na hofu yenyewe, kwani ndiyo inayotangulia katika mitaa yetu, kuanzia Tandale na Mwananyamala hadi Tandika na Mbagala. Mtoto hufundishwa mapema kwamba sarafu ya chini ina mambo. Akiiokota ataota majini, au fedha za nyumbani zitayeyuka zisionekane zilikokwenda, au ugonjwa wa aliyeitupa utamhamia yeye. Mwenye duka naye huambiwa kwamba kupokea sarafu fulani kutoka kwa mteja fulani kutaifagia droo yake yote.

Hatusemi kwamba uchawi haupo. Qur'an imeutaja, na katika Suratul Baqara, aya ya 102, Allah (s.w) ametueleza kwamba wenye kuufanya hawawezi kumdhuru yeyote kwa uchawi huo ila kwa idhini Yake. Hapo ndipo ilipo nukta yetu. Sarafu haina meno. Kipande cha chuma kilichotengenezwa kwa amri ya Benki Kuu hakipati uwezo wa kunufaisha wala kudhuru kwa sababu kimelazwa pale njia mbili zinapokutana. Mtume (s.a.w) alikataza itikadi ya mikosi na kuihesabu kuwa ni katika ushirikina, kama ilivyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Anayeamini kwamba sarafu yenyewe humwondolea mtu riziki amempa chuma kile nafasi isiyokuwa yake. Muumini ana nyiradi zake za asubuhi na jioni, ana Ayatul Kursiyy na ana sura mbili za mwisho za Qur'an. Hizo ndizo kinga yake.

Hata hivyo, hatuwahimizi watoto wakachezee vitu vya kafara. Penye nazi iliyopasuliwa, kitambaa chekundu na sarafu zilizopangwa, kila mtu anaona kwamba fedha zile hazikudondoka, zimewekwa. Mtoto afundishwe kuzipita bila tamaa na bila woga, kwani hatutaki mkono wetu uwe sehemu ya biashara ile. Lakini sarafu moja iliyolala peke yake kando ya kituo cha daladala, dukani, au kwenye ngazi za msikiti, ina maelezo yaliyo mepesi zaidi kuliko majini: mtu ameiangusha.

Kinachotusikitisha ni jinsi hofu hii inavyochagua. Mtu yule yule anayeruka sarafu ya shilingi 100 kama aliyeona nyoka, akikuta noti ya shilingi 10,000 huizungushia jicho kulia na kushoto, kisha huikanyaga, huinama kama anayefunga kamba za kiatu, na huinuka nayo. Hapo uchawi umekwisha, na akisimulia nyumbani atasema ameokota dodo chini ya mwarobaini. Katika hali zote mbili mwenye mali hakukumbukwa. Katika ya kwanza tulijihofia nafsi zetu. Katika ya pili tulijipenda nafsi zetu.

Ngamia, kondoo na sarafu

Wanazuoni wameiita mali iliyookotwa kwa jina la luqata. Neno hilo lina asili moja na lile lililotumika katika Qur'an kuhusu watoto wawili. Katika Sura Yusuf, aya ya 10, mmoja wa ndugu zake alishauri wamtie kisimani ili aokotwe na wasafiri. Na katika Suratul Qasas, aya ya 8, watu wa Firauni walimwokota Musa mtoni. Wote wawili walikuwa na wazazi waliokuwa wakiwalilia. Mama yake Musa moyo wake ulibaki mtupu, na Nabii Yaakub macho yake yaliingia weupe kwa huzuni. Kila kilichookotwa, basi, kina upande wa pili usioonekana na mwokotaji, upande wa aliyepotelewa.

Msingi wa hukumu zenyewe ni hadithi ya Zayd bin Khalid al-Juhani (r.a), iliyomo katika Sahih Bukhari na Sahih Muslim. Mtu alimwendea Mtume (s.a.w) akamuuliza kuhusu kitu kilichookotwa. Mtume (s.a.w) akamwelekeza akitambue vizuri kifuko chake na kamba yake, kisha akitangaze kwa mwaka mmoja. Mwenyewe akija apewe. Asipokuja, mwokotaji ana ruhusa ya kukitumia. Mtu yule akauliza kuhusu kondoo aliyepotea. Akajibiwa kwamba mnyama huyo ama atakuwa wake yeye, ama wa ndugu yake, ama wa mbwa mwitu. Akauliza kuhusu ngamia. Hapo Mtume (s.a.w) alikasirika hadi uso wake ukaiva. Ngamia ana nini naye? Anayo maji yake tumboni na kwato zake za kutembelea. Aachwe anywe maji na ale majani mpaka mwenyewe amkute.

Tuitazame hadithi hii kwa macho ya mtu wa Temeke. Ngamia haokotwi kwa sababu anajihifadhi mwenyewe. Kumchukua ni kumzidishia mwenye mali taabu ya kumtafuta. Kondoo huchukuliwa kwa sababu akiachwa ataliwa. Suala kubwa, kwa hiyo, ni usalama wa mali. Je, mali ikiachwa pale pale mwenyewe ataikuta?

Bodaboda iliyoegeshwa bila mtu kando ya ukuta ni ngamia; usiiguse kwa kisingizio cha kumsaidia mwenyewe. Baiskeli, mzigo wa mkaa uliofungwa, tofali zilizopangwa mbele ya kiwanja, vyote hivyo ni ngamia. Ama sarafu iliyodondoka kwenye mchanga wa Tandika saa kumi na moja jioni, wakati maelfu ya miguu inapita, ni kondoo, na mbwa mwitu wako karibu. Ikiwa haitaokotwa kwa ajili ya mwenyewe, itaokotwa dhidi ya mwenyewe. Hili ndilo tulilolikosea jioni ile. Tulidhani kuiacha ni kujitenga na mali isiyo yetu, kumbe tuliikabidhi kwa yeyote.

Kuokota au kuacha?

Ni haki msomaji ajue kwamba wanazuoni hawakuafikiana katika jambo hili. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas na Ibn Umar (r.a) kupendelea kuacha, na hiyo ndiyo kauli mashuhuri ya Imam Ahmad, kwa kuwa mwokotaji hujiingiza katika hatari ya kula haramu au ya kupuuza wajibu wa kutangaza. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi katika pwani yetu, ni sunna kuokota kwa mtu anayejiamini kwamba ataitunza amana, na yanachukiza kwa asiyejiamini. Nao wanazuoni wa Kihanafi wamehimiza kuokota pale inapohofiwa kwamba mali itapotea.

Ukizitazama kauli hizi utaona kwamba zote zinaanzia ndani ya moyo wa mwokotaji. Kabla mkono haujashuka, nia imekwisha kuamua. Anayeokota kwa nia ya kumrudishia mwenyewe, mkono wake ni mkono wa amana. Mali ikimpotea bila uzembe wake, hadaiwi. Anayeokota kwa nia ya kula, tangu dakika ile amekuwa mporaji, na mali ikipotea hata kwa ajali, deni liko shingoni mwake. Kitendo kwa nje ni kile kile, mgongo kuinama na vidole viwili kushuka, lakini hukumu zake ziko mbali kama mashariki na magharibi. Msemo wa watoto kwamba "kuokota si kuiba" ni kweli nusu tu. Kuokota si kuiba mpaka utakapoificha.

Ndiyo maana katika hadithi ya Iyadh bin Himar (r.a), iliyopokewa na Abu Daud na Ibn Majah, mwokotaji ameelekezwa aweke mashahidi waadilifu, asifiche wala asighibu. Shahidi humlinda mwenye mali, na humlinda mwokotaji dhidi ya nafsi yake itakapoanza kumshawishi usiku.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na maana hii. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 258 kinachoeleza maana ya wizi, haimhesabu mwokotaji kuwa mwizi iwapo wakati anajimilikisha kitu hakumjua mwenyewe na aliamini kwa sababu za msingi kwamba hawezi kupatikana. Mafhumu yake ni wazi: aliyemjua mwenyewe, au aliyeweza kumpata kwa juhudi ya kawaida, hana kinga hiyo.

Namna ya kutangaza

Mtume (s.a.w) alitaja kifuko na kamba. Bibi zetu wa pwani hawakuwa na pochi. Fedha zao zilifungwa katika pindo la khanga, na mpaka leo wapo wanaofanya hivyo. Fundo likilegea, sarafu tatu hudondoka bila mlio mchangani. Anayeziokota na ajiulize: zilikuwa ngapi, za thamani gani, zimekutwa wapi, saa ngapi, zimefungwa na nini? Hizo ndizo alama. Azihifadhi moyoni au aziandike, na anapotangaza aseme sehemu tu: "Nimeokota fedha karibu na duka la dawa." Asitaje kiasi wala kilichozifunga. Atakayekuja na kuvitaja kwa usahihi ana dalili ya kuwa ndiye mwenyewe.

Mahali pa kutangaza ni pale kilipopatikana kitu, sokoni, vituoni, na milangoni mwa misikiti watu wanapotoka. Tumesema milangoni kwa makusudi. Katika Sahih Muslim imo hadithi ya Abu Hurayra (r.a) inayokataza kutangaza vitu vilivyopotea ndani ya msikiti, kwani misikiti haikujengwa kwa ajili hiyo. Wapo maimamu wanaokabidhiwa funguo na simu zilizookotwa wakazitangaza kwa kipaza sauti baada ya salamu tu. Ni bora tangazo likabandikwa kwenye ubao wa nje, au likasemwa barazani. Zama hizi tuna makundi ya simu ya mtaa, tuna mjumbe, tuna ofisi ya serikali ya mtaa, na kwa kitu chenye thamani kipo kituo cha polisi, ambako kuandikisha kitu kilichookotwa ni ushahidi kwa pande zote mbili.

Ama kilichookotwa ndani ya duka, nyumba au gari, wa kwanza kuulizwa ni mwenye mahali hapo. Sarafu iliyo chini ya meza ya muuza genge yamkini ni ya muuza genge.

Kuhusu muda, mwaka mmoja ni kwa mali yenye uzito. Ubayy bin Ka'ab (r.a) aliokota kifuko chenye dinari mia moja, akaamrishwa atangaze mwaka, na aliporudi akaamrishwa tena. Wanafiqhi wakafafanua kwamba si lazima mtu ashinde njiani mwaka mzima: mwanzoni hutangaza asubuhi na jioni, kisha mara moja kwa siku, kisha kila wiki, kisha kila mwezi. Kwa kitu kidogo, wanazuoni wa Kishafii wanasema kitangazwe kwa muda ambao inadhaniwa mwenyewe bado anakitafuta. Akishakata tamaa na kukisahau, wajibu umekwisha.

Punje ya tende na kiburi cha "chenji tu"

Je, kuna kitu kidogo kiasi cha kutohitaji tangazo lolote? Ndiyo. Anas (r.a) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w) alipita njiani akakuta tende moja, akasema kwamba angeila lau si kuhofia kuwa huenda imetoka katika mali ya sadaka, ambayo haikuwa halali kwake. Hakusema angeitangaza. Wanazuoni wamechukua hapo kwamba kitu ambacho kwa desturi mwenyewe hakitafuti kinaweza kuchukuliwa na kutumiwa. Katika vitabu vya fiqhi husimuliwa pia kwamba Umar bin al-Khattab (r.a) alimkuta mtu akitangaza zabibu moja aliyoiokota, akamchapa kwa kiboko chake na kumweleza kwamba upo ucha-Mungu wa kujionyesha ambao Allah anauchukia.

Lakini nani anayepima udogo? Hapa ndipo penye mtihani wa jiji letu. Sarafu zilizo mikononi mwetu ni za shilingi 50, 100, 200 na 500. Mwenye gari akidondosha mia mbili hashuki kuitafuta. Kwake ni punje ya tende. Kwa mwanafunzi wa darasa la nne ni safari ya kurudi nyumbani, na akiikosa atatembea kwa miguu kando ya barabara yenye malori, jua likizama. Sarafu ya shilingi 500 kwa mama anayeuza ubuyu wa pakiti yaweza kuwa ndiyo faida yake ya asubuhi. Mwokotaji, basi, asipime kwa mfuko wake. Apime kwa mfuko wa mtu anayeyumkinika kuwa ndiye aliyeiangusha mahali pale. Sarafu iliyo mbele ya lango la shule ina uzito mwingine kuliko iliyo mbele ya hoteli kubwa, ingawa picha na namba ni zile zile.

Kwa kipimo hicho, shilingi 200 ya kituoni haidai mwaka. Inadai dakika chache za kusimama, kutazama nani anatafuta chini, kuwauliza walio karibu, na kuiacha mikononi mwa mtu mwaminifu wa mahali pale ambaye mwenyewe anaweza kumrudia. Dakika hizo ndizo tulizokuwa nazo jioni ile, na hatukuzitoa.

Mwenyewe asipopatikana

Baada ya muda wa kutangaza, madhehebu ya Shafii yanamruhusu mwokotaji kujimilikisha mali ile, awe tajiri au masikini, kwa sharti kwamba mwenyewe akitokea siku yoyote atarudishiwa au kulipwa. Kwa Hanafi, masikini anaweza kujinufaisha nayo, na mwenye uwezo huitoa sadaka kwa niaba ya mwenyewe. Mwenyewe akija ana hiari, ama aridhie sadaka na thawabu ziwe zake, ama alipwe mali yake. Kwa sarafu ndogo, njia hii ya sadaka ndiyo inayoutuliza moyo zaidi.

Wanaojiandaa na safari ya Hija wakumbuke jambo moja. Mali iliyodondoka katika eneo tukufu la Makka ina hukumu yake. Haiokotwi ila na anayekusudia kuitangaza, na Shafii hawamruhusu mtu kujimilikisha hata baada ya mwaka. Palipo na wahusika wa vitu vilivyopotea, wapewe wao.

Mtoto akiokota

Swali linaloulizwa sana na wazazi ni la mtoto anayerudi nyumbani na fedha mkononi. Fiqhi imelijibu kwa uwazi: mtoto akiokota, mlezi wake anawajibika kuichukua mali ile kutoka mkononi mwake, na yeye mlezi ndiye atakayetangaza. Mzazi anayesema "hongera mwanangu, kanunue barafu" ameubeba wajibu ule na kuutupa. Na mzazi anayemchapa mtoto kwa kuokota amemfundisha kuficha mara nyingine.

Tunaloshauri ni kumwuliza mtoto maswali matatu kwa upole: umeiokota wapi, nani alikuwa karibu, na unadhani ni ya nani? Swali la tatu ndilo lenye malezi ndani yake. Mtoto akizoea kuwaza kwamba kila sarafu ina mtu nyuma yake, atakapokuwa mhasibu, karani wa soko au mtunza fedha wa msikiti, jicho hilo hilo litamwona mtu nyuma ya kila tarakimu. Na aonywe jambo moja bila kubembelezwa: sarafu iliyo barabarani penye magari haifuatwi, hata ikiwa ya dhahabu. Uhai wake ndiyo amana ya kwanza.

Sarafu isiyogusa ardhi

Siku hizi fedha nyingi hazidondoki mchangani. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, fedha za watu zimekuwa zikianguka katika simu za wasiowajua kwa kukosea tarakimu moja. Hapa wengi wetu tunateleza kwa kudhani kwamba ni luqata, au kwamba ni riziki iliyotumwa na Mola.

Si luqata. Luqata ni mali ambayo mwenyewe hajulikani. Ujumbe ulioingia umekuletea jina la mtumaji na muamala wenye namba. Mwenyewe anajulikana, kwa hiyo hakuna mwaka wa kutangaza wala ruhusa ya kutumia. Ni amana, na Allah (s.w) katika Suratun Nisaa, aya ya 58, ametuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe. Anayezitoa haraka kwa wakala kabla hazijarudishwa, kisha akazima simu, amekula mali ya mtu huku akimjua kwa jina.

Pamoja na hayo, muumini asiwe chambo. Matapeli hupiga simu wakidai wamekosea kutuma, au huandika kwamba "ile hela" itumwe kwenye namba nyingine. Angalia salio lako mwenyewe, usitegemee ujumbe tu. Ukikuta kweli fedha imeingia, usiitume kwa namba unayotajiwa. Wasiliana na huduma kwa wateja ya mtandao wako waurudishe muamala ulikotoka. Kwa njia hiyo haki inamfika mwenyewe, nawe unabaki salama.

Hali ni hiyo hiyo kwa chenji iliyozidi. Konda aliyekurudishia elfu mbili badala ya elfu moja katika msongamano wa asubuhi hakukupa zawadi. Jioni atafungiwa hesabu na mwenye gari, na upungufu utatoka katika jasho lake.

Kopo la nyumbani kwetu

Siku ya pili tulimrudia yule mama wa vitumbua. Binti yetu alimwamkia, kisha tukamsimulia habari ya mwanafunzi na nauli yake. Alinyamaza, akageuza vitumbua vyake, akasema kwamba watoto wale anawaona kila siku wakipita mbio, na kila wiki hakosi mmoja anayerudi akitafuta chini. Tukamwomba, kwa kuwa yeye hukaa pale tangu asubuhi hadi Magharibi na kila mtu anamjua, awe anaziinua sarafu zinazodondoka karibu na meza yake na kuziweka kando, ili mtoto atakayekuja akilia aulizwe ameangusha shilingi ngapi. Alikubali, akachukua kopo tupu la maziwa ya unga akaliweka chini ya meza. Kisha akacheka: "Haya, baba. Kumbe ndizo hizo hizo hela za watu."

Nasi nyumbani tumeweka kopo letu. Kila kiokotwacho na watoto, baada ya kuulizia pale kilipopatikana, hukaa humo pamoja na kikaratasi chenye siku na mahali. Kisichopata mwenyewe hutolewa sadaka kwa niaba ya aliyekipoteza, popote alipo. Kopo halijawahi kujaa, na hatutarajii lijae. Lakini binti yetu sasa haruki sarafu wala haipapii. Husimama, akainua kwanza uso wake, akatazama ni nani karibu naye anayetafuta.

Tunamwomba Allah (s.w) atuepushe na kula mali za watu kwa batili, ziwe nyingi au punje, na azifanye nyumba zetu kuwa mahali ambapo kilichopotea hupata njia ya kurudi. Amin. Wallahu a'lam.